Kaa Kwanza: Maisha ya Mama Aliyetunywesha Chai ya Asubuhi

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe mshona nguo. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972. Hakuendelea, kwa sababu bibi, mama yake, aliugua na jiko lilitaka mtu.

Mwaka 1981 alianza kuuza chai, mkate na mayai kwenye kona ya mtaa wetu, barazani pa jengo la ghorofa moja. Pa kunywa chai asubuhi hapakukosekana mtaani. Kwa muuza magazeti, aliyeuza na chai, ilikolea zaidi, na mama mwenyewe alikiri. Lakini kwake hakuna aliyekunywa amesimama. "Kaa kwanza," alimwambia kila mtu, hadi likawa jina lake. Siku moja bwana mmoja mwenye tai alimjia juu: "Mama, nina haraka!" Akajibiwa: "Na hiyo haraka nayo ikae. Kaa kwanza." Alikaa, na kikombe cha pili akaomba mwenyewe.

Baba yetu, seremala, alikuja kama mteja.

"Nikae wapi, dada, na benchi lako limevunjika?"

"Litengeneze, halafu ukae."

Alilitengeneza, akakaa, hakuondoka tena. Walifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1984, wakapata watoto watatu.

Mwenye jengo tunamfahamu. Alikuwa karani kijana alipoanza kunywa chai kwenye benchi hilo, akimwita marehemu "mama yangu". Alipolinunua jengo, mwaka 2021, alimwambia mama yake huyo aondoke, kona inajengwa mkahawa wa kisasa. Mama alifungasha vyombo, akaondoka. Mkahawa ulipofunguliwa, juu ya mlango kulikuwa na kibao kikubwa: KAA KWANZA. Mwenye jengo hakumuuliza mtu. Hakuomba.

Wakati huo moyo wa mama ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Hata hivyo alikwenda kuona, akiegemea mkono wa binti yake. Ndani palikuwa na meza ndefu za kufika kifuani, na kiti hata kimoja hakuna.

"Mama, hapa tunakunywa tukiwa tumesimama," mhudumu alimwambia. "Wateja wasikawie."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Alipofika nyumbani hakucheka tena. Alisema: "Jina langu wamelisimamisha mlangoni kama mlinzi. Mliondoe pale."

Alilazwa mwezi Mei, akafariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2023. Daktari alisema ni moyo. Familia haibishani na daktari.

Mwenye jengo ameleta shada la maua lenye jina la mkahawa wake, na ameomba nafasi ya kusema machache. Nafasi hiyo hatutampa. Kiti tumempa. Amekaa hapo mbele, kwenye benchi la baba, kwa sababu marehemu hakumwacha mtu amesimama, hata wa namna hiyo. Tunamwambia mbele ya mtaa mzima: shada lako utaondoka nalo, na kibao kishuke leo kabla jua halijazama. Baba yetu ni seremala. Ngazi anayo.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake mmoja, na mtaa uliokaa.

Ulitukalisha wote, mama, na wewe ukasimama miaka arobaini. Sasa kaa. Pumzika kwa amani.