Mguu wa Mama Futi Uliopumzishwa Mno

Wasikilizaji wapendwa, kama mnaosha vyombo, viacheni kidogo. Leo tunamkumbuka fundi cherehani, mama wa watoto watatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake. Alifariki wiki iliyopita akiwa na miaka hamsini na minne. Nawaambia mapema kabisa, hakugongwa na gari wala hakuanguka kutoka juu. Alishuka ngazi moja. Ngazi moja tu, na mfupa wa paja ukavunjika.

Na kuna jambo lingine ambalo ni gumu kwangu kulisema. Sisi tuliompenda tulikuwa na mkono katika msiba huu. Na mimi nimo.

Mama Futi alifundishwa kushona na shangazi yake akiwa na miaka kumi na sita. Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango wa bluu. Ndani kuna meza ya kukatia, kioo kirefu, pasi, na cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Wanawe walimnunulia ya umeme, akaigeuza kabati la kuwekea vitambaa. Alisema ile mashine inakimbia kabla mwenyewe hajaamua. Alikuwa na ulimi, jamani. Siku aliponipima kiuno aliisoma futi mara mbili, kisha akauliza kwa upole kama suti ni ya kwangu peke yangu.

Miaka miwili iliyopita mafundi cherehani walicheza netiboli na waoka mikate. Mama Futi akaruka kudaka mpira, akatua vibaya, goti la kulia likageukia ndani. Mume wake ni kinyozi ambaye duka lake limepakana ukuta na la mkewe. Alikuwa benchini akishangilia. Aliniambia alilisikia goti kutoka pale alipokaa. "Lilisema ta," alisema, "kama kifungo kinachokatika."

Hospitali wakaona ligamenti imekatika. Ligamenti, wasikilizaji wapendwa, ni utepe mgumu ndani ya goti unaoufunga mfupa wa paja na mfupa wa chini yake. Daktari wa upasuaji alichukua kano kutoka nyuma ya paja la Mama Futi mwenyewe, akatoboa mifupa yote miwili, akaipitisha iwe utepe mpya, akaibana kwa skrubu. Upasuaji ulifaulu. Narudia ili mtu asitoke hapa akawalaumu madaktari: upasuaji ulifaulu vizuri.

Kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, mama mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwakalisha yeye, mume na binti mkubwa. Akawaeleza kwamba wiki za mwanzo ni za magongo na uangalifu. Baada ya hapo mguu uanze kubebeshwa uzito, kidogo leo, zaidi wiki ijayo, kwa ratiba. Alisema mfupa hukaa imara kwa kufanya kazi, na usipobeba kitu hupungua. Alisema pia kwamba mama wa umri ule, ambaye hedhi imekoma, mifupa yake tayari inapungua, kwa hiyo asiupe nafasi uvivu. Watu watatu walisikiliza. Wote watatu walirudi nyumbani na neno moja, uangalifu.

Basi ule mguu ukawa mgeni rasmi. Uliwekewa mto wake na kigoda chake. Mume alileta chai, binti alileta maji ya kuoga, wateja walijipima wenyewe mabega huku yeye akielekeza kwa kidole kutoka kitini. Akitaka kusimama, sauti nne zinamrudisha: kaa mama, kaa tu, sisi tupo. Wiki zikapita, miezi ikapita, na magongo yakapumzishwa nyuma ya mlango, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Kwenye mazoezi alikwenda mara tatu, akaacha.

Lakini nguo za watu lazima zishonwe. Ndipo Mama Futi akafanya jambo lililotushangaza sote. Alihamishia kanyagio kwenye mguu wa kushoto. Maisha yake yote alikanyaga kwa wa kulia. Ndani ya mwezi mmoja mshono wake ulikuwa umenyooka kama zamani. Watu walikuja dukani kutazama tu. Mimi nilikuja na kinasa sauti. Nilimsifu hapa hapa, kwenye kipaza sauti hiki, kwamba ni mfano wa mtu asiyekata tamaa. Nilisema, tena kwa mbwembwe, kwamba mguu wa kulia sasa umestaafu. Nikikumbuka naona aibu.

Kwa sababu huko ndani jambo lilikuwa linaendelea, na halikuwa na sauti. Mfupa unaopungua hauumi. Hauvimbi wala haubishi hodi. Kitu pekee kilichoonekana ni nyama za paja, na fundi yeyote hupima. Katika daftari lake la vipimo vya wateja kuna ukurasa aliouandika "Mimi". Paja la kulia: sentimita hamsini na moja. Miezi minne baadaye, arobaini na tisa. Kisha arobaini na saba. La kushoto halikupungua hata kidogo. Alimwambia binti yake kwamba mguu mmoja umeanza kujinyima chakula, wakacheka, akajikatia sketi pana.

Mwaka ulipotimia alipigwa picha ya goti. Daktari akaona mfupa umefifia kuzunguka yale matundu ya skrubu, akamwandikia cheti cha kwenda kupima uimara wa mifupa. Ulikuwa msimu wa sare za shule. Cheti kikabandikwa ukutani kwa pini. Mume wake alimkumbusha mara moja. Mama Futi alilishika goti kwa mikono miwili, akalivuta huku na huku kama anavyovuta mshono kabla ya kumkabidhi mteja nguo. Halikucheza. "Imeshika hii," akasema. Na kweli, ilikuwa imeshika.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo mimi hushindwa kulala nikiwaza. Mwanamke huyu huyu alikuwa akikataa kurekebisha makoti yaliyochakaa. Binti yake, mwalimu wa chekechea, anakumbuka mzee mmoja aliyeng'ang'ania. Mama Futi aliliinua koti dirishani, mwanga ukapita. Akamrudishia. "Uzi wangu utabaki, baba," alimwambia. "Koti ndilo litakaloondoka." Alilijua jambo hili kwa vidole vyake. Hakuna aliyelitazama goti lake namna hiyo.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mteja alisahau mkanda wa gauni, naye akainuka kumfuatia. Siku hiyo hakukuwa na mtu wa kumwambia kaa. Mlangoni pana ngazi moja. Akatanguliza mguu wa kulia. Kinyozi alikuwa upande wa pili wa ukuta, ananyoa. Safari hii hakusikia kitu. Aliwaona watu wakikimbia, akatoka na wembe mkononi.

Daktari yule yule alitazama picha mpya. Kisha akamwambia mume: "Utepe wetu uko palepale. Mfupa ndio umeshindwa."

Alipasuliwa tena, akawekewa chuma. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, binti alikuwa anamchana nywele. Mama akaomba dirisha lifunguliwe, akisema pumzi imekuwa fupi. Dirisha lilikuwa wazi. Damu ilikuwa imeganda mguuni, na lile donge lilikuwa limepanda hadi kwenye mapafu. Kabla ya saa sita alikuwa ameondoka.

Binti aliniambia maneno haya, nami nimepewa ruhusa kuyasema: "Tulimkinga mama na kila kitu. Kumbe tulimkinga na dawa yake."

Kwako kinyozi, kwenu wanawe watatu, kwa mafundi wenzake na kwa waoka mikate waliobeba jeneza pamoja nao, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Na zile sifa nilizomwagia mguu uliostaafu, leo nazifuta hadharani.

Simwambii mtu aruke kitandani kesho. Mwenye goti lililopasuliwa amuulize mtaalamu lini aukanyage mguu, na kwa uzito gani. Aliyepewa cheti cha kupima mifupa aende. Na sisi tunaouguza tujichunguze, maana huruma yetu nayo ina kipimo.

Juzi nilikwenda kuhani. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye mkeka tangu asubuhi, uso umemshuka. Nilipoingia akajaribu kuinuka anisalimie, na chumba kizima kikamrudisha: kaa mzee, kaa tu, sisi tupo. Binti yake akageuka. Hakupandisha sauti.

"Mwacheni baba asimame."

Tukampisha. Kinyozi akashika ukuta, akavuta mguu mmoja, akavuta wa pili. Ilimchukua muda mrefu, wasikilizaji wapendwa, na mikono yetu yote ilituwasha kumsaidia. Akasimama.