Jiwe Nililolishusha

Sogeeni karibu, wanangu. Régis, kaa hapa kulia, na wewe Ghislaine zima hiyo redio, maana habari za mto Marne sihitaji kusomewa na mtu, nazisikia mwenyewe. Ila pazia liacheni wazi nizione ngazi za gatini. Asubuhi vidato vitano vilikuwa vikavu, sasa naona viwili. Msinikatize, pumzi yangu ni chache na neno lenyewe ni zito, hata marehemu mama yenu Solange alikwenda kaburini bila kulisikia kinywani mwangu.

Nyumba ni yenu nusu kwa nusu, mashua ni ya Régis, kinanda cha kuvuta ni cha Ghislaine kwa sababu Régis hana sikio la muziki, na hilo analijua. Msigombee sufuria. Jiwe ndilo lililoninyima usingizi.

Babu yangu alilichonga Januari ile ya mwaka 1910, maji yalipoingia ukumbi wetu wa dansi humu chini na meza zikaelea pamoja na mapipa ya mvinyo. Akakata mstari pale yalipofika, akalipachika ukutani kando ya mlango. Tangu hapo kila mtoto wa ukoo huu husimamishwa mbele yake siku ya Pasaka, na utosi ukiupita mstari anakabidhiwa makasia, anaruhusiwa kuingia mtoni peke yake. Mimi niliupita nina miaka kumi na minne, kaka yangu Lucien kumi na mitatu, na hakuacha kunitambia.

Kisha nikampenda mama yenu. Baba yake, Mzee Hébrard, alikuwa fundi mwashi wa kule kilimani, na watu wa kilimani mnawajua, sisi wa mtoni kwao ni vyura tu. Akaniambia, "Kijana, mstari wenu umepita kizingiti cha dirisha. Binti yangu simwozi chura." Mwaka huo ukuta ulikuwa umebomolewa ujengwe upya, na jiwe lilikuwa limelala kwenye nyasi. Nililirudisha kwa mikono yangu hii, shibiri moja na nusu chini ya pale lilipokuwa. Mzee akaja na fimbo yake, akapima, akasema, "Kumbe nilikosea, hapa panakalika." Nikaoa.

Lucien peke yake aliona. Siku ya Pasaka alisimama mbele ya wageni akauliza, "Fernand, jiwe limefupika au mimi nimerefuka ukubwani?" Watu wakacheka, nami nikamwita mlevi, nikamwambia asikanyage tena hapa mpaka atakapokuwa na akili zake. Hakukanyaga. Kafa na jina hilo la ulevi nililompa, na hakuwa mlevi, wanangu, alikuwa mkweli. Naona haya.

Na wewe Ghislaine, ulikabidhiwa makasia una miaka saba, tukakupigia makofi, wiki hiyohiyo mashua ikapinduka ukavutwa kwa nywele. Mama yako alinitazama, akalitazama jiwe. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeyaficha miaka sitini.

Wazee husema majuto ni mjukuu, na majuto yangu yana jina, yanaitwa Maëlle, binti yako, Ghislaine, aliyeko humu chini ukumbini sasa hivi na mtoto wake Apolline. Fundi amewainulia sakafu ya mbao vidole viwili juu ya mstari, vidole viwili tu, na kitoto kinalala kwenye godoro juu ya mbao hizo. Leo mchana watu wa halmashauri wamepita wakimsihi ahame, nami kutoka hapa kitandani nimemsikia akicheka: "Jamani, acheni woga. Maji ya 1910 yenyewe yaliishia kwenye jiwe letu, babu zangu hawakuwa waongo." Wakalipiga picha jiwe, wakaenda zao. Jirani naye kawarudisha watoto wake ndani. Nilimwita Maëlle, sauti haikufika.

Ghislaine, mbona bado umesimama? Utanilaumu baadaye. Shuka umpandishe mtoto kwanza, maneno yafuate, na akibisha mwambie babu yake alikuwa mwongo. Umpitie na jirani. Nenda, mwanangu, nenda.

Régis, wewe baki kidogo. Mto ukishatulia uling'oe jiwe, ulirudishe mahali pake, na siku hiyo uwaambie watu wote, hata wa kilimani, kwamba Lucien alisema kweli. Msinizike kabla hamjawaambia. Kipimo kipo. Siku ile, kabla hawajaubomoa ukuta, nilikata uzi, kutoka sakafuni hadi mstarini, sijui kwa nini niliutunza... Uko hapa kiganjani. Kikunjue, vidole vyangu vimekaza.

Mungu awape moyo wa kusema mapema. Maji yawapite chini, wewe na dada yako na vizazi vyenu... na yule mdogo, yule...

Umesikia mlango? Ni wao? Mtoto analia? Alie, alie tu.

Kanyaga ncha moja, baba. Ubandike uzi ukutani, niuone... Hapana, hapo ndipo nilipowadanganya. Unyooshe. Juu zaidi, mwanangu. Bado... juu zaidi.