Bonde Halipimwi Darajani

Mgeni rasmi, pamoja nanyi nyote mlioketi kivulini na sisi tuliosimama juani,

Shikamooni. Sisi wanawake kumi na mmoja tuliopima bonde hili tunakukaribisha kwa moyo mmoja. Tunaomba radhi mapema: nakala uliyopewa mkononi ina ukurasa mmoja, na hii tunayosoma ina kurasa mbili. Risala yetu ilitakiwa ipitie ofisi ya wilaya kwanza. Ikarudi imenyolewa kichwa na ndevu. Tumeyarudisha maneno yetu kwa kalamu, basi usitufuate kwa macho, tufuate kwa masikio.

TULIKOTOKA

Miaka mitatu iliyopita alikuja hapa mama mmoja, mtaalamu wa miamba, akitafuta watu wa kumshikia kamba na fito za kupimia. Wanaume walicheka. "Kupima bonde? Kwani limeibiwa?" Tukaenda sisi.

Mdogo wetu kuliko wote alikuwa binti tunayemwita Kimya, kwa sababu hata akikanyagwa mguu anaomba msamaha yeye. Aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua na wadogo zake wakabaki bila mtu wa kuwapikia. Siku ya kwanza aliirudisha fito kwa mtaalamu, akisema yeye hakumaliza shule. Mtaalamu akamwambia, "Mwanangu, fito haiulizi umesoma wapi. Inataka usimame wima tu." Tangu hapo hakuna aliyesimama wima kama yeye.

TULIYOYAFANYA

Tulifundishwa kwamba ardhi haisemi, ila ina umbo, na umbo linapimika. Mto ukikaa mahali palipotulia, huchoka kuchimba chini ukaanza kula kando, na bonde likapanuka. Lakini ardhi ikiwa bado inanyanyuka, mto haupumziki, unakata chini kama msumeno, na bonde linabaki jembamba lenye kuta ndefu. Kwa hiyo unapima upana wa sakafu ya bonde, unaugawanya kwa kimo cha kuta zake. Jibu likiwa chini sana ya moja, shika adabu: ardhi hapo bado inanyanyuka.

Tulipima mabonde saba upande huu wa mlima, yote kwa umbali uleule kutoka miguuni pake kwenda ndani, ili tusilinganishe kichwa na kisigino. Bonde la hapa lina sakafu ya mita kumi na nane na kuta za mita tisini. Sifuri nukta mbili. Mengine sita ni ndugu zake. Ng'ambo ya mto mabonde ni mapana, yamezeeka kwa amani.

Tena mto wetu haukai katikati ya eneo lake. Umesukumwa upande mmoja, kama mtu aliyelala na mwenzake mnene. Na miguu ya mlima huu imenyooka kama pindo la shuka. Mvua haijapata nafasi ya kuitafuna. Mtaalamu aliandika kwamba dalili hizo tatu zikikutana, yaelekea pana ufa ulio hai chini, unaoweza kuitikisa ardhi siku yoyote, na akachora mstari wake. Mstari huo, mheshimiwa, unapita hapa uliposimikwa mwamvuli wako.

YANAYOTUUMA

Hapa ndipo wembe ulipopita.

Umekuja kuweka jiwe la msingi la wodi ya wazazi. Hakuna anayeitaka wodi hiyo kuliko sisi. Dada yake Kimya alijifungulia njiani, juu ya kanga yake, na ana mimba nyingine ya miezi sita. Lakini wodi haijengwi juu ya mstari ule.

Tulipoleta vipimo ofisini, wakatumwa watu kuhakiki. Walifika na gari, wakapima bonde pale darajani, chini kabisa, nje ya mlima, mahali ambapo mto wowote hujitanua. Wakapata upana wa mita mia mbili arobaini na kuta za sitini. Jibu: nne. Wakaandika "eneo tulivu". Kwa nini darajani? Kwa sababu gari linaishia pale! Shangazi yetu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi, alisema, "Hao hawakupima bonde, wamepima uvivu wao."

Kimya alikwenda ofisini na daftari. Alisimama mlangoni hadi miguu ikafa ganzi, ndipo mhandisi akamwona.

"Wewe binti, umefika darasa la ngapi?"

"La tano, mheshimiwa."

"Sasa hii nukta umeitoa wapi?"

"Kwenye kamba."

Wakacheka wote, hata mpiga chapa. Mhandisi akafunga daftari. "Nenda kawaambie wenzako: mkikataa kiwanja, jengo litakwenda kwingine."

Alilichukua daftari lake, akatoka. Njia nzima alikuwa akilitafuta jibu, akalipata alipofika nyumbani, kama ilivyo kawaida yake. Jibu ni hili: yeye hakumaliza shule, ni kweli. Je, waliomaliza, walifundishwa kupima mahali gari linapofika?

Hatukubali kulazimishwa kuchagua kati ya mama kujifungulia njiani na mama kuangukiwa na ukuta akiwa na kichanga. Hilo si chaguo, ni dharau. Na hatusemi ardhi itatikisika kesho. Fito haitabiri siku, inaonyesha mahali. Inaweza kupita miaka mia. Lakini vichanga watazaliwa humo miaka yote mia.

TUNAYOOMBA

Kwanza, kabla ya mtaro wa msingi, uchimbwe mtaro wa kukagua ufa, wataalamu wasome tabaka za udongo. Tukionekana tumekosea, tutabeba mawe ya msingi kwa vichwa vyetu.

Pili, wodi isihamishiwe kijiji kingine. Ihamishwe ng'ambo ya mto, mwendo wa robo saa, kwenye bonde pana. Kiwanja kipo.

Tatu, jiwe lako likae chini ya kitambaa kwa leo. Kamba hii hapa mezani. Kimya, ambaye ndiye anayekusomea risala hii, atashika ncha moja. Tunakuomba ushike nyingine, twende ndani ya bonde ukapime mwenyewe. Ni dakika arobaini kwa miguu. Gari halifiki. Viatu vyako ni vizuri mno kwa njia ile, kwa hiyo tumekuletea buti za mpira. Saizi tumeikadiria kwa macho uliposhuka garini: arobaini na tatu. Zikikubana au zikikupwaya, basi tutakubali kwamba hatujui kupima.

Mwenyezi Mungu aithibitishe miguu yako popote utakapokanyaga, na ardhi ya watoto wetu itulie chini yao.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanawake Wapima Bonde