Mwalimu Aliyekataza Wazazi Kutoroka

Baada ya miaka thelathini na moja katika darasa la watoto wadogo, Mwalimu wa Mlangoni anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Jina hilo alipewa na wazazi, maana ndipo walipomkuta kila asubuhi, amefunga aproni yenye mifuko miwili: mmoja wa leso za watoto, mwingine wa leso za wazazi.

Tuseme ukweli, ingawa hotuba za kuaga hupenda sukari: alipoanza kazi alikosea kama sisi walimu wenzake sote. Siku hizo mtoto alionyeshwa mwanasesere, mama akanyata nje, mlango ukafungwa. Tuliiita mbinu, ilikuwa hadaa. Muhula wake wa kwanza alimsaidia mama mmoja kutoroka hivyo. Binti wa mama huyo, wa miaka mitatu, hakulia sana, ila tangu siku ile hakuupa mlango mgongo. Alichora akiutazama, alikula akiutazama, hata godoro la mchana aligeuza alale akiutazama. Wengine tulicheka, tukampa jina la askari. Mwalimu hakucheka.

Muhula uliofuata akaweka sheria: hakuna kutoroka. Uage mara moja, mtoto akikuona. Useme utarudi lini kwa saa anayoijua yeye, baada ya usingizi au baada ya bembea. Kisha uende kweli, na urudi kweli. Vilio vikasikika hadi barabarani. Mwalimu mkuu wa wakati huo akampa wiki sita: vilio vikome, la sivyo atafute kazi kwingine.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa balaa. Aliketi sakafuni na waliao, bila hongo ya peremende na bila ule upuuzi wa “mtoto mkubwa halii”, ambao bado unapita kama malezi. Wiki ya tano mwalimu mkuu alikuja na saa mkononi. Kilio kirefu kuliko vyote kilidumu dakika nne. Akaondoka kimya, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kuomba radhi.

Wazazi ndio waliomtoa jasho zaidi. Fundi bomba mmoja aliaga mara saba, kila mara akirudi kuchungulia dirishani, hadi mtoto aliyekwisha kunyamaza akaanza upya. “Baba yangu,” Mwalimu akamwambia, “mtoto hajambo. Au wewe ndiye wa kubembelezwa?” Leo fundi huyo ni babu, na akikuta mtu dirishani humfokea.

Kamati ya sherehe, nami nikiwamo, ilimshauri aondoke watoto wakiwa wamelala, wasije wakalia. Aibu yetu! Baada ya miaka yote hiyo tulimtaka atoroke. Alikataa katakata. Jumatatu, akiwa na mwalimu mpya kando yake, aliwaketisha watoto akawaambia kwamba Ijumaa ni siku yake ya mwisho. Mmoja akauliza, “Utarudi tukiamka?”

“Hapana, mwanangu. Safari hii sirudi. Mwalimu wenu atakuwa huyu hapa.”

Wawili walilia, naye akawasubiri. Yule aliyeuliza alimkagua mwalimu mpya kuanzia viatu hadi nywele, akasema, “Haya, kwaheri,” akarudi kujenga nyumba yake ya mbao.

Asante, Mwalimu, kwa kazi uliyoifanya hata tulipokupinga. Uwe na afya, asubuhi zisizo na haraka, na watu wa kukuambia ukweli.