Oduvaldo Peçanha na Wimbo wa Jikoni

Kazi hii ya kusoma wasifu wa marehemu hapa kaburini sikuiomba. Jana Jandira, binti wa marehemu, alinijia akasema, "Shangazi, umebaki wewe tu unayemjua tangu utotoni," nikamwambia darasa niliishia la tatu na mdomo wangu anaujua, akasema nisome hivyohivyo, basi vumilieni, na nyinyi wa redio mliofuata sifa, kaeni vizuri.

Marehemu Oduvaldo Peçanha, mdogo wangu, alizaliwa tarehe 11 Machi 1936, Vila Isabel, hapahapa Rio, mtoto wa pili wa fundi viatu, akaanza shule mwaka 1943 na kufukuzwa 1950 kwa utoro, maana mikono yake ilitaka gitaa tu, na gitaa, simnyimi haki yake, alilipiga kuliko wote mlioko hapa. Kuanzia 1955 alifanya kazi kwenye baa za Copacabana, na tarehe 6 Juni 1959 alimuoa Ivonete, yule pale nyuma mwenye mwavuli, wakajaliwa mtoto mmoja, Jandira, aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1962 na ambaye usingizi ulikuwa adui yake.

Ili amlaze, Ivonete alitunga wimbo pale jikoni, maneno yake, sauti yake, akiuimba chinichini kwa sababu kuta zile zilikuwa nyembamba na jirani wa chini akisikia kelele aligonga dari kwa mpini wa ufagio. Marehemu aliweka gitaa. Basi, gitaa.

Mei 1965 akaja Vic Harmon, mwimbaji mkubwa wa Marekani, suti nyeupe, akitafuta nyimbo zetu kwa kuwa za kwao zilishawachosha, akaketi jikoni kwao, akaujaribu wimbo ule akifungua koo kama yuko uwanja wa mpira, ufagio ukagonga, mtoto akaamka, Ivonete akamziba mgeni mdomo kwa kiganja: "Wewe baba, imba kama mtu aliyelaza mtoto chumba cha pili!" Wiki nzima alimfundisha, wapi achelewe, wapi avute pumzi, huku marehemu akitafsiri kwa Kiingereza chake cha baa na kucheka utani wa mgeni kabla haujaisha.

Santuri ilitoka Los Angeles tarehe 14 Februari 1966 ikiwa na majina ya watunzi wawili, Vic na Oduvaldo, na kwenye televisheni huyo Harmon akamtaja Ivonete kuwa ni mke wa rafiki yake, anayepika kahawa nzuri. Nilikuwepo alipomuuliza mumewe, "Na mimi niko wapi?" naye akajibu huku anachana nywele, "Acha hizo, Ivonete, Mmarekani ataona aibu watu wakijua kafundishwa na mama wa nyumbani." Nikamwambia, "Mwenye aibu ni wewe, mpumbavu." Hakunisalimia mpaka Krismasi, nikapumzika.

Tangu hapo Ivonete hakuimba tena, hata akifua, na mwaka 1971 alimchukua Jandira akaondoka. Wimbo ukapigwa hotelini, kwenye lifti, kwa daktari wa meno, na marehemu akawa anaalikwa kueleza alivyoutunga, kila mwaka kwa namna yake, mara ufukweni, mara kwenye mvua, mara kwa ajili ya mwanamke wa Kiswidi.

Mapafu yalianza kumsumbua 2009, sigara hizo, akalazwa Juni mwaka huu wa 2011, akafariki jana tarehe 2 Agosto, saa kumi na moja alfajiri. Tunawashukuru madaktari, manesi waliomvumilia, majirani wa ghorofa ya nne walioleta supu, na wapiga muziki wenzake.

Nyinyi wapiga muziki nawaona na magitaa yenu, desturi naijua, mwenzenu akishushwa mnamwimbia wimbo wake. Sasa sikieni. Wiki iliyopita alimwita Ivonete hospitalini, akamwomba amwimbie kaburini, hata ubeti mmoja. Ivonete akamuuliza, "Wimbo wa nani?" Marehemu akavua kile kifaa cha hewa, akasema mbele yangu, ya Jandira na ya nesi, "Wako. Wote." Ivonete akasema, "Basi siutoi, na mtu mwingine asiuguse." Marehemu akageukia ukutani, akasema sawa.

Kwa hiyo fungeni mifuko ya magitaa. Pumzika, Oduvaldo. Unashuka bila wimbo.