Jina la Chiang Pei-lan kwenye Filamu Yake

Mheshimiwa Mkurugenzi Kuo, wakuu wa kampuni, Ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa kamera, taa na sauti mliopangiwa meza za nyuma karibu na jikoni: salaam.

Nimeambiwa nimsifu dada yetu Chiang Pei-lan, anayestaafu leo, kwa dakika tatu, kisha tule. Haya, namsifu. Miaka ishirini na sita ameongoza matangazo ya kampuni hii: chai ya chupa, sabuni, pikipiki. Ni nani hapa Kaohsiung hajachekeshwa na yule bibi wa tangazo lake anayegoma kushuka kwenye pikipiki? Kwa nafsi yake alitaka kitu kimoja tu, filamu fupi kuhusu marehemu mama yake, muuza supu ya samaki bandarini.

Siku ya kuanza kuipiga tulisimama na udi mikononi kuomba baraka, kama ada yetu, kamera imefunikwa kitambaa chekundu. Sote tunajua kwamba kitambaa hicho hufunuliwa na mwongozaji. Pei-lan akanyoosha mkono. Mheshimiwa, ukamsogeza pembeni, ukamwambia, "Dada, mwachie Chun-wei apigwe picha kidogo." Chun-wei mwanao, aliyekuja na miwani ya jua na hatukumwona tena mpaka karamu ya kumaliza. Akafunua. Nasi, wapumbavu sisi, tukapiga makofi.

Leo filamu imeteuliwa kuwania tuzo, na mwongozaji ameandikwa Kuo Chun-wei. Ushahidi wenu ni picha ya kitambaa. Mvua iliponyesha siku nne, Pei-lan akiikinga kamera kwa mwavuli huku mwenyewe analowa chapachapa, Chun-wei alikuwa wapi? Na sasa mnampa ngao iliyoandikwa "Msaidizi Mwaminifu". Mnamuaga, au mnamzika mzima mzima?

Nina hasira, sikatai, na ya kwanza ni juu yangu. Mimi Tseng Wen-hao, mhariri, ndimi niliyeliandika jina lile. Niliagizwa, nikaandika, nikaenda kula. Hakuna aliyenishika mkono.

Asubuhi hii nimewapelekea waamuzi barua yenye sahihi yangu, pamoja na video zote ghafi ambamo sauti ya Pei-lan inasikika ikiongoza. Kibarua changu kimeota nyasi, najua. Dada, msamaha sikuombi leo. Nakuomba tu ngao hiyo usiipokee.

Asanteni kwa kunipa masikio. Anayetaka kutia sahihi chini ya yangu, nakala ninayo hapa.