Mama Kifungu Aliwaonya

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, naomba mnivumilie, sina maneno laini leo.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa karani wa posta na mshona nguo, akasomeshwa kwa taabu, akahitimu sheria mwaka 1985, na mwaka 1994 akapata shahada ya uzamivu kwa utafiti juu ya sera za kusimamia mabenki. Mwaka 1986 aliajiriwa kuwa mwanasheria wa mamlaka inayosimamia mabenki, akawa mtu wa sheria hata mezani, ukimwomba chumvi anakuuliza kifungu kipi kinakuruhusu, ndipo tukamwita Mama Kifungu. Tarehe 3 Septemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 aligundua kwamba wakurugenzi wa benki moja wanajikopesha akiba za wateja, akawaandikia wakubwa wake wawazuie, wakamwambia asiwatie watu kiwewe, akaandika tena, wakamhamishia maktaba. Baba yetu alikuwa ameweka kiinua mgongo chake chote katika benki hiyo hiyo, na dada alikuwa ameapa kutunza siri za ofisi, basi kila Jumapili alikula naye meza moja, akimtazama, asimdokeze hata neno. Benki ilifungwa Mei 2011, mzee akapoteza kila kitu, na wakubwa wale wakaiambia kamati ya uchunguzi kwamba mwanasheria wao hakuwaonya, akatolewa kafara, akafukuzwa kazi. Asante ya punda ni mateke, tunajua, lakini baba alikufa bila kumsemesha tena, na hilo halina methali.

Alifundisha chuo kikuu hadi 2022, saratani ya ini ilipomlaza, akafariki tarehe 9 Juni mwaka huu. Juma lake la mwisho alinishika mkono, akasema, "Mdogo wangu, mimi niliwaonya. Waambie."

Ofisi yake ya zamani iliomba kuipitia historia hii kabla haijasomwa, ikaturudishia habari za benki zikiwa zimefutwa, nami nimezisoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutufulia, na wanafunzi wake waliopokezana kukaa naye wodini. Wakubwa wake wa zamani tumewaona safu ya mbele, shada lao ni kubwa kuliko yote, ahsanteni kwa maua, ingawa alipokuwa akiugua hamkupiga hata simu.

Dada, nimewaambia, na wamekaa hapa wakasikia. Sasa pumzika.